Mwalimu Nyerere, Mwalimu wa Kiingereza



Tunapotaja jina la Mwalimu Julius Kambarage Nyerere tunakumbuka Uhuru, Muungano na Azimio la Arusha. Wachache wanakumbuka kwamba miongoni mwa masomo aliyofundisha ubaoni lilikuwamo la Kiingereza. Nimeona yafaa nieleze maisha yake kwa upande huo, maana linalowatesa vijana wengi wa Shishiyu ni lugha hiyohiyo.

Alizaliwa Butiama mwezi Aprili 1922, mtoto wa Mtemi Nyerere Burito na Mama Mgaya wa Nyang'ombe. Lugha ya nyumbani ilikuwa Kizanaki. Mwaka 1934, akiwa na umri wa miaka 12, alipelekwa shule ya Mwisenge, Musoma, na huko ndiko alikojifunza Kiswahili. Mwaka 1937 aliingia shule ya serikali ya Tabora, ambako masomo yalikuwa kwa Kiingereza. Basi Kiingereza kilikuwa lugha yake ya tatu. Kijana wa Shishiyu anayetoka katika Kisukuma cha nyumbani, akapita Kiswahili cha shule ya msingi, kisha akakutana na Baiolojia na Jiografia kwa Kiingereza kidato cha kwanza, anapita njia ileile.

Alijifunzaje? Hapo Tabora yeye na mwenzake walisaidia kuanzisha chama cha midahalo. Mwaka 1943 akaenda Makerere kusomea ualimu. Mwaka uliofuata alishinda tuzo ya kwanza katika mashindano ya uandishi kwa insha juu ya kukandamizwa kwa wanawake. Mawazo aliyoyatumia yalikuwa ya Mwingereza John Stuart Mill, lakini watu aliowaandika walikuwa Wazanaki wa kwao. Hapo pana funzo: lugha ya kigeni hukaa kichwani upesi zaidi mtu anapoitumia kueleza mambo anayoyajua.

Alipohitimu alipata nafasi mbili za kazi Tabora: moja katika shule ya serikali, nyingine katika shule ya misheni ya St. Mary's. Mshahara wa misheni ulikuwa mdogo zaidi, naye akaichagua misheni. Alifundisha Baiolojia na Kiingereza. Nje ya saa za kazi aliwafundisha Kiingereza watu wazima wa mjini bila malipo. Tukumbuke hali ya siku zile. Lugha ya ofisi ya serikali na ya mahakama za juu ilikuwa Kiingereza, na asiyeijua alitegemea mdomo wa mtu mwingine hata katika shauri lake mwenyewe. Kumfundisha mtu mzima lugha hiyo kulikuwa ni kumpa uwezo wa kujisemea.

Mwaka 1949 alikwenda Chuo Kikuu cha Edinburgh, akarudi mwaka 1952 na shahada ya M.A. Akafundisha Historia, Kiingereza na Kiswahili katika shule ya St. Francis, Pugu. TANU ilianzishwa tarehe 7 Julai 1954, yeye akiwa rais wake. Machi 1955 alisimama New York mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa, akaeleza madai ya Tanganyika kwa Kiingereza. Aliporudi ilimbidi achague kati ya ualimu na siasa, akaacha kazi. Jina la Mwalimu halikumwacha.

Akiwa Rais hakukitupa Kiingereza, wala hakukiabudu. Alitafsiri tamthilia mbili za Shakespeare: Julius Caesar, iliyotoka mwaka 1963, na Mabepari wa Venisi, mwaka 1969, akaonyesha kwamba Kiswahili kinaweza kubeba mzigo wowote. Mwaka 1967 Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia katika shule zote za msingi za serikali.

Jambo gumu lilikuja baadaye. Mwaka 1982 Tume ya Makweta ilipendekeza Kiswahili kitumike pia katika sekondari kuanzia mwaka 1985. Mwaka 1984 wataalamu wawili kutoka Uingereza, Criper na Dodd, waliwapima wanafunzi, wakakuta kwamba wengi hawakijui Kiingereza kiasi cha kuweza kufuata masomo yao. Hata hivyo Serikali iliamua Kiingereza kibaki. Mwalimu aliona kwamba lugha hiyo imekuwa kwa dunia kama Kiswahili kilivyo kwetu, na kwamba ikiondolewa katika masomo itakufa nchini. Wataalamu wengi wa elimu hawakukubaliana naye, na ubishi huo haujaisha hadi leo. Kwa maoni yangu hofu yake ilikuwa ya kweli, lakini mzigo ulimwangukia mtoto wa kijijini, asiyesikia Kiingereza popote isipokuwa darasani.

Mwalimu alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999, akazikwa Butiama.

Sera zitaamuliwa na wenye dhamana. Wakati tukingoja, kijana wa kidato cha kwanza ana mtihani mwaka huuhuu. Kwa hiyo napendekeza mambo mawili. Kwanza, sisi wanafunzi wa zamani tunaorudi nyumbani wakati wa likizo tujiandikishe kwa Mwalimu Mkuu, kila mmoja atoe jioni chache za kuwafundisha Kiingereza vijana, bila malipo, kama alivyofanya Mwalimu Tabora. Pili, wanafunzi mwe na mdahalo kila wiki, mkijadili mambo ya hapa: bei ya pamba, maji, mifugo, mvua. Msiogope kukosea. Ninyi mna lugha mbili tayari. Hii ni ya tatu tu.