Michael Faraday: Mjalidi Vitabu na Tahajia Yake

Msomaji anayezifungua leo barua za ujanani za Michael Faraday hukutana na mwandishi ambaye mwalimu wa imla angemrudishia daftari likiwa limejaa wino mwekundu. Tahajia inayumba, na sentensi inaingia ndani ya sentensi pasi na kituo. Mkono huohuo ndio uliokuja kuandika kumbukumbu za majaribio yaliyozaa jenereta na transfoma.

Alizaliwa tarehe 22 Septemba 1791 huko Newington, kusini mwa Mto Thames, mtoto wa mhunzi ambaye maradhi hayakumruhusu kufanya kazi kila siku. Elimu aliyoipata ilikuwa kusoma, kuandika na hesabu za mwanzo, basi. Inasimuliwa kwamba hata hiyo ilikatizwa kwa sababu ya matamshi: mtoto hakuweza kuitamka sauti ya r, mwalimu akaazimia kuiondoa kasoro hiyo kwa fimbo, na mama akaona heri amtoe mwanawe shuleni. Mwaka 1804 alianza kutumwatumwa katika duka la George Riebau, mjalidi na muuza vitabu wa mtaa wa Blandford jijini London. Mwaka uliofuata akawa mwanagenzi wake kwa mkataba wa miaka saba.

Vitabu vilivyoletwa kujalidiwa havikupita mikononi mwake hivihivi. Alisoma makala kuhusu umeme katika ensaiklopidia ya Britannica, akasoma kitabu cha kemia cha Jane Marcet, na akasoma mwongozo wa Isaac Watts juu ya kuinoa akili, unaomhimiza msomaji kuweka daftari, kuhudhuria mihadhara na kuandikiana na wenzake. Faraday aliyatekeleza yote hayo kwa utiifu wa fundi anayefuata kipimo.

Ikumbukwe kwamba Uingereza ya wakati huo ilikuwa imekwisha kupata kamusi ya Samuel Johnson, iliyotoka mwaka 1755, na tahajia ilikuwa imeanza kufanya kazi ya vazi: ilimtambulisha mtu ametoka nyumba gani kabla hajasema alilonalo. Kijana wa mhunzi alilijua hilo vizuri. Mnamo Julai 1812 alianza kumwandikia barua rafiki yake Benjamin Abbott, karani aliyesoma kumzidi, na hakuficha kwamba mojawapo ya shabaha zake ilikuwa kujizoeza kupanga mawazo na kuyaeleza. Baadaye yeye na Edward Magrath walikutana kila wiki, kwa muda wa takriban miaka saba, wakisoma pamoja na kusahihishana matamshi na miundo ya sentensi. Miaka saba, yaani muda uleule aliotumia kujifunza kujalidi. Aliiona lugha sanifu kuwa ufundi, nao ufundi hupatikana kwa kufundishwa.

Mwaka 1812 mteja mmoja wa duka alimpatia tiketi za mihadhara minne ya mkemia Humphry Davy katika Taasisi ya Kifalme. Faraday aliandika kila alichokisikia, akachora vifaa, akazinakili upya kurasa zipatazo 300, akazijalidi kwa mkono wake na kumpelekea Davy mwishoni mwa mwaka. Kitabu hicho kilidhihirisha jambo ambalo imla haiwezi kulipima: kwamba msikilizaji ameishika hoja tangu mwanzo hadi mwisho na anaweza kuijenga tena. Machi 1813, msaidizi wa maabara alipofukuzwa kwa kupigana, nafasi yake akapewa yule kijana, kwa shilingi 25 kwa wiki na vyumba viwili vya juu.

Yaliyofuata yanajulikana. Mwaka 1821 aliufanya waya wenye mkondo wa umeme uzunguke sumaku. Tarehe 29 Agosti 1831 alizungushia pete ya chuma nyaya mbili zisizogusana, akaona kwamba mkondo ukiwashwa au kuzimwa katika waya mmoja, sindano ya sumaku iliyo karibu na waya wa pili inashtuka. Akaendelea kuandika shajara ya majaribio ambayo aya zake alizipa namba, hata zikapindukia 16,000. Shajara hiyo haina madaha. Inaeleza kilichofanywa, kilichoonekana, na mara nyingi kwamba hakuna kilichoonekana.

Mwaka 1834 upungufu wa shule ulimrudia kwa sura nyingine. Alihitaji istilahi mpya za kueleza jinsi umeme unavyoichangua miyeyusho, na Kigiriki, kilichokuwa chimbuko la istilahi za wasomi, hakukijua. Hakujifanya anakijua. Alimwandikia William Whewell wa Cambridge, akamweleza kwa makini dhana aliyoitaka, akakataa baadhi ya mapendekezo na kukubali mengine. Maneno ambayo leo yamo katika kamusi za Kiswahili kwa sura ya anodi, kathodi na ioni yametokana na mashauriano hayo: umbo ni la mwanazuoni wa Cambridge, maana ni ya mjalidi vitabu. Wafasiri wa istilahi za sayansi wangefaidika kuitazama kazi hiyo ilivyogawanywa.

Hisabati nayo hakuwa nayo. Wapo waliomdharau kwa hilo, kama wengine wanavyomdharau mtu kwa herufi iliyokosewa. James Clerk Maxwell hakuwa miongoni mwao. Alipoisoma mistari ya nguvu ya Faraday alitambua kuwa fikra ile ilikuwa ya kihisabati tayari, ila haikuvaa alama zilizozoeleka, na kazi yake mwenyewe ikawa kuivisha. Faraday, kwa upande wake, alimwomba mwaka 1857 amweleze kama wanahisabati hawangeweza kuyatoa matokeo yao pia kwa lugha ya kawaida.

Kufikia hapo tahajia yake ilikuwa imetengemaa zamani, na mihadhara yake ya Krismasi kwa vijana, kuhusu mshumaa, ilichapwa mwaka 1861. Lakini kumbukumbu yake, iliyokuwa ikimsumbua kwa miaka mingi, sasa ilikuwa inamtoka. Septemba 1862 alimwandikia rafiki yake Christian Schönbein, mkemia wa Basel, kwamba anazichana barua zake tena na tena kwa kuwa anaandika upuuzi, na kwamba hawezi tena kuendeleza maneno wala kuandika mstari mmoja kwa mfululizo. Makosa ya mwaka 1812 yalikuwa ya mtu ambaye hajafundishwa. Haya yalikuwa ya akili iliyochoka, na tofauti hiyo aliitambua yeye mwenyewe kabla ya mtu mwingine yeyote. Alifariki tarehe 25 Agosti 1867, katika nyumba ya Hampton Court aliyopewa na Malkia Victoria, na akazikwa Highgate.