Ben Turpin Mwenye Makengeza

Katika mji wa New Orleans, upande wa kusini wa Marekani, alizaliwa Ben Turpin mwaka 1869. Baba yake alikuwa na duka la peremende. Ben alikuwa mtu mfupi, mwembamba, mwenye shingo ndefu, na macho yake yalikuwa ya makengeza; jicho la kuume lilitazama puani. Inasimuliwa kwamba makengeza hayo yalimpata ukubwani. Kwa miaka mingi aliigiza jukwaani mtu maskini mwenye macho ya kombo, akayapinda macho yake kila usiku, mpaka siku moja yakakataa kurudi. Mtu mwingine angalijificha kwa aibu. Yeye aliyafanya kuwa chombo cha kazi yake.

Mwaka 1907 aliingia katika kampuni ya sinema iliyoitwa Essanay, katika mji wa Chicago. Sinema za siku zile zilikuwa bubu: midomo ya watu ilionekana ikisema, wala sauti haikusikika. Kwa hiyo mchekeshaji ilimpasa kuchekesha kwa mwili na uso. Katika picha ya kwanza ya kampuni ile, Ben alivaa viatu vyenye magurudumu, akapita mabarabarani akigonga watu kila upande. Lakini msidhani kwamba alitukuzwa kwa kazi hiyo. Alipomaliza kuigiza alishika ufagio, akafagia nyumba ya kampuni.

Mwaka 1915 Charlie Chaplin alifika katika kampuni hiyo, na Ben akawa msaidizi wake katika picha kadha. Kazi ya msaidizi si nyepesi. Huyo ndiye apigwaye, aangukaye, asukumwaye mlangoni, ili mkubwa apate kuchekesha. Ben alikuwa fundi sana wa kuanguka: aliweza kuurusha mguu mmoja juu, akapinduka hewani, akaanguka chali, kisha akasimama tena kana kwamba hakuna neno.

Mwaka 1917 alihamia kwa Mack Sennett huko California, na hapo jina lake likavuma. Aliigiza kama shujaa au mpenzi hodari, na watu wakacheka kwa kuwa sura yake haikufanana hata kidogo na mambo hayo. Ilitangazwa kwamba amekata bima ya dola 25,000, ili alipwe kama macho yake yangenyoka! Pengine jambo hili lilikuwa la kuwavuta watazamaji tu. Lakini ni kweli kwamba makengeza ndiyo yaliyomlisha.

Basi, alipokuwa katika kilele cha sifa, msiba uliingia nyumbani mwake. Mkewe, Carrie, aliyekuwa mwigizaji vilevile, aliugua sana, akawa haisikii tena sauti ya mtu. Ben alikuwa Mkatoliki mwenye kushika dini. Alimchukua mkewe mpaka Kanada, penye kanisa kubwa la Mtakatifu Ana huko Quebec, waendako wagonjwa wengi kuomba. Carrie hakupona. Ndipo Ben akaiacha kazi, na fedha nyingi, na sifa, akakaa nyumbani amwuguze. Mwili wake uliozoea kuruka na kuanguka sasa ulikuwa wa kuinua mgonjwa na kumpa maji. Carrie alifariki mwezi wa Oktoba mwaka 1925.

Mwaka uliofuata alioa tena, akarudi kazini. Halafu zikaja sinema za sauti, na wachekeshaji wengi wa zamani wakaishiwa. Ben hakuogopa, maana fedha zake alikuwa amezitia katika mashamba na nyumba. Tangu hapo aliigiza mara chache tu, kwa kitambo kidogo.

Picha yake ya mwisho ni ya Laurel na Hardy, ya mwaka 1940. Ndani yake mna nyumba ambayo mabomba yake yote yameungwa ovyo, na watazamaji wanashangaa ni fundi gani aliyefanya kazi hiyo. Kisha fundi mwenyewe anatokea: ni Ben Turpin, na macho yake ni yaleyale. Alifariki tarehe 1 Julai mwaka huohuo.