Faraday na mstari mwekundu wa kipimo

Michael Faraday alizaliwa Uingereza mwaka 1791, mtoto wa mhunzi. Shule hakusoma sana. Akiwa na miaka 14 alianza kujifunza kazi ya kujalidi vitabu, akawa anavisoma. Mwaka 1857 alionesha kuwa dhahabu ikiwa chembe ndogo mno ndani ya maji, huonekana nyekundu. Alifariki mwaka 1867.

Leo chembe kama hizo ndizo huchora mstari mwekundu kwenye vipimo vingi vya haraka vya malaria, na vya sumukuvu katika mahindi. Mzazi, sumukuvu hudhuru ini, na kuchemsha uji hakuiondoi. Mahindi yenye ukungu usimpikie mtoto. Hata yanayoonekana safi yanaweza kuwa nayo. Ndiyo maana hupimwa.