Tabibu Aliyepima Majani

William Withering alizaliwa mwaka 1741 katika mji wa Wellington, Shropshire, nchini Uingereza. Baba yake alikuwa mtibabu na mtengeneza dawa, naye kijana akafuata nyayo zake. Alisomea utabibu huko Edinburgh, akahitimu mwaka 1766, kisha akaanza kazi katika mji wa Stafford.

Alipokuwa mwanafunzi hakulipenda somo la mimea hata kidogo. Mambo yalibadilika alipomtibu binti mmoja, Helena Cookes, aliyependa kuchora maua. Withering akawa anatembea mashambani kumtafutia maua ya kuchora. Walioana mwaka 1772, na miaka minne baadaye tabibu huyu akachapisha kitabu kikubwa juu ya mimea ya Uingereza.

Mwaka 1775 aliulizwa maoni yake juu ya dawa ya siri ya familia moja. Mama mzee wa Shropshire alikuwa ameitunza kwa miaka mingi, na mara nyingine aliwaponya wagonjwa wa kujaa maji mwilini ambao matabibu walikuwa wamewashindwa. Dawa hiyo ilikuwa na majani ya aina 20 au zaidi, na aliyeinywa alitapika na kuharisha vikali. Withering hakuidharau kwa sababu ilitoka kwa mwanakijiji, wala hakuisifu kwa sababu ilikuwa ya asili. Aliichunguza. Akatambua kwamba katika majani yote hayo, lenye nguvu lilikuwa moja tu: foxglove, mmea wenye maua ya zambarau yanayofanana na kastabini ya mshonaji.

Mwaka huohuo alihamia Birmingham. Huko alitenga saa za kuwatibu maskini bila malipo, watu kati ya 2,000 na 3,000 kwa mwaka. Wengi walivimba miguu na tumbo, nao walihema kwa shida. Aliwapa foxglove, na baadhi yao walikojoa maji mengi, uvimbe ukapungua, wakaweza tena kulala. Lakini mwanzoni aliwapa dawa nyingi kupita kiasi, na kwa siku nyingi mno, wakaumia. Hakulificha jambo hilo.

Hapo ndipo kazi yake kubwa ilipoanza. Aliona kwamba nguvu ya jani hubadilika kwa majira. Kwa hiyo alichuma majani wakati mmea unapochanua, akayakausha, akayasaga, akapima unga wake kwa mizani. Alianza na kiasi kidogo, akamwangalia mgonjwa kwa makini. Dalili za hatari alizijua: kichefuchefu, kutapika, kizunguzungu, kuona vitu vikiwa na rangi ya kijani au njano, na mapigo ya moyo kwenda polepole mno. Ilipoonekana ya kwanza tu, aliagiza dawa isimamishwe.

Siku moja aliitwa kumwona mfanyabiashara msafiri kutoka Yorkshire. Alimkuta akitapika bila kukoma, macho hayaoni sawasawa, na moyo ukipiga mara 40 tu kwa dakika. Alipouliza, ilijulikana kuwa mke wake alikuwa amechemsha konzi kubwa ya majani mabichi ya foxglove ili kumtibu pumu, naye akainywa yote kwa mkupuo mmoja. Mke alimpenda mumewe, na dawa ya kwao aliijua. Asichokijua ni kipimo. Mume alinusurika kwa shida.

Mwaka 1785 Withering alitoa kitabu chake juu ya mmea huo. Ndani yake aliandika habari za wagonjwa zaidi ya 150, waliopona na wasiopona pia. Alihofu kwamba watu wangeitumia dawa ovyo, kisha waikatae kabisa kwa sababu ya madhara yake. Yeye mwenyewe aliugua kifua kwa miaka mingi, akafariki Birmingham mwaka 1799.

Baadaye ilieleweka wazi kwamba wengi wa wagonjwa wake walivimba kwa sababu moyo ulikuwa dhaifu. Mwaka 1930 wataalamu walitenga digoksini kutoka katika mmea wa jamii hiyohiyo, na madaktari wangali wanaitumia. Nafasi kati ya kipimo kinachosaidia na kinachodhuru ni ndogo sana. Hata mimea mingine huweza kuivuruga. Ule uitwao St. John's wort, unaouzwa kwa ajili ya huzuni, hupunguza nguvu yake. Urukususu ukitumiwa kwa wingi, au utomvu wa mshubiri unaonywewa ili kuharisha, hupunguza madini ya potasiamu mwilini, na digoksini huweza kugeuka sumu. Mgonjwa asipomwambia daktari anachokunywa nyumbani, daktari hawezi kumkinga.

Maswali ya Kujadili

1. Withering alikubali kujifunza kutoka kwa mama wa kijijini. Ni nini kinachotuzuia kufanya hivyo, na ni nini kinachotufanya wakati mwingine tukubali bila kuchunguza?

2. Kwa nini ilikuwa muhimu aandike pia habari za wagonjwa ambao hawakupona? Shuhuda za dawa tunazosikia leo huacha nini?

3. Mke wa yule msafiri alitenda kwa upendo. Je, upendo peke yake unatosha tunapompa mgonjwa dawa ya majani? Darasa lenu linaweza kuwasaidiaje wanaoogopa kumweleza daktari dawa wanazotumia?