Mtakatifu Yohane Bosco: Moyo Uliotulia Hufungua Akili

Tunapohangaikia alama za watoto wetu shuleni, tumtazame Mtakatifu Yohane Bosco, aliyezaliwa tarehe 16 Agosti 1815 huko Becchi, kaskazini mwa Italia. Alifiwa na baba yake kabla ya kutimiza miaka miwili, akalelewa na mama yake, Margherita.

Akiwa na umri wa miaka 9 hivi, aliota ndoto iliyomfuata maisha yake yote. Aliwaona watoto wakitukana, akawarukia kwa ngumi; ndipo Bwana mmoja mwenye heshima alipomwagiza awavute kwa upole, si kwa mapigo. Hivyo mwalimu huyu wa baadaye alitakiwa kwanza kuitawala hasira yake mwenyewe. Na nyumbani aliijua hasira ya wengine: Antonio, kaka yake kwa baba, hakupenda kumwona na vitabu, hata ikambidi Yohane aende kuwa kibarua katika shamba la watu.

Alipadrishwa mwaka 1841. Tarehe 8 Desemba mwaka huohuo, katika sakristia ya kanisa moja la Torino, alimkuta Bartolomeo Garelli, yatima wa miaka 16, akiwa amepigwa na mtunza sakristia kwa sababu hakujua kutumikia Misa. Padre Bosco alimwita kama rafiki. Kijana hakujua kusoma, kuandika wala kuimba. Alipoulizwa kama anajua kupiga mluzi, alitabasamu. Hofu ilipoondoka, mafundisho yakaanza.

Mwaka 1877 aliyaeleza malezi yake katika nguzo tatu: akili, dini na upendo. Mlezi akae kati ya watoto na kuwaongoza kabla hawajakosa. Tena alisisitiza kwamba haitoshi mtoto kupendwa. Ni lazima atambue kwamba anapendwa.

Wataalamu wa leo huita akili ya hisia ule uwezo wa kutambua na kuongoza yaliyo moyoni. Mtoto wa darasa la nne anayetetemeka mbele ya fimbo hushughulika na hofu, si na hesabu.

Mtakatifu huyu alifariki dunia tarehe 31 Januari 1888, na Kanisa humkumbuka kila mwaka siku hiyo. Basi, ripoti ya shule itakapofika nyumbani, kabla ya kuuliza mtoto amepata ngapi, tumuulize kwa upole ni nini kinachomsumbua. Kisha tuketi naye, tumsikilize.