Fuvu Lililomshinda Daktari Broca

Daktari Paul Broca, Mfaransa, hakufika Kisii wala Nyamira, lakini habari zake hazikamiliki bila ya kupitia huko.

Alizaliwa mwaka 1824, akawa mpasuaji mashuhuri mjini Paris. Mwaka 1861, katika hospitali ya Bicêtre, aliletewa mgonjwa asiyeweza kutamka ila silabi moja tu, naye amepooza mkono na mguu wa kulia. Haukupita muda akafariki. Broca akautazama ubongo wake, akakuta sehemu ya mbele, upande wa kushoto, imeharibika. Hapo ndipo watu walipoanza kusadiki kuwa usemi una mahali pake kichwani. Mwaka 1865 akaongeza jambo lingine: huenda upande mzima ukajifunza kazi ya upande ulioharibika. Siku hizi madaktari wameona kwamba ubongo uliopatwa na kiharusi hujipanga upya, hasa mgonjwa akirudiarudia kuutumia mkono uliolegea. Ndiyo maana humhimiza asiulaze tu.

Mwaka 1867 akapata fuvu la kale la Peru, lililokatwa tundu. Akasema mwenyewe alipasuliwa angali hai. Wengi walimbishia, wataweza wapi watu wasio na hospitali? Baadaye alijaribu kukwangua mafuvu ya maiti kwa kigae cha kioo. La mtoto lilichukua dakika 4, la mtu mzima kama dakika 50, hata mkono ukamchoka. Akakata shauri kuwa watu wa kale wa Ufaransa walipasua watoto.

Laiti angalimwona omobari wa Kigusii! Mtu aliyepigwa kichwani na maumivu yasimwachie alimwendea mganga huyo, akachanwa ngozi, mfupa ukakwanguliwa taratibu kwa kisu, ubongo usiguswe. Na hao walikuwa watu wazima. Madaktari wa hospitali waliyaandika hayo katika miaka ya 1950 na 1960, wakawaona waliopona wakienda zao; wengine walikuwa wamepasuliwa zaidi ya mara moja.

Tusifiche na aibu yake: Broca alipima vichwa vya mataifa mbalimbali, akampa Mwafrika daraja la chini. Kwa hilo alikosea, na elimu yake haikumzuia.

Alifariki mwaka 1880, akiwa na miaka 56. Ubongo wake ulitiwa katika chupa ya dawa, ukawekwa Paris.