PAUL BROCA, MUNGANGA ALIYETAFUTA MAHALI PA MANENO



Mara hii tunawaletea maisha ya munganga Paul Broca. Jina lake liko katika vitabu vya biolojia, lakini wengi tunalipita tu bila kuuliza alikuwa mtu wa namna gani.

Broca alizaliwa tarehe 28 Juni 1824 ku Sainte-Foy-la-Grande, mji mdogo wa Ufaransa, upande wa Bordeaux. Jamaa yake walikuwa Waprotestanti. Baba yake alikuwa munganga, na Paul alisoma kwanza ku masomo ya Waprotestanti palepale kwao. Alipofika miaka 17 akaenda Paris kusoma kazi ya baba yake. Akawa munganga wa kupasua, kisha mwalimu mkubwa. Mwaka 1859, yeye na wenzake wakaanzisha chama cha kuchunguza habari za wanadamu.

Siku zile wenye elimu walikuwa wakibishana sana. Je, ubongo unafanya kazi zote kwa pamoja, ao kila kazi iko na mahali pake? Maneno yalikuwa mingi, ushuhuda kidogo.

Basi, ku lopitali ya Bicêtre, karibu na Paris, kulikuwa mgonjwa mmoja waliyemwita Tan, juu hakuweza kutamka kitu kingine. Ukimwuliza jina, tan tan. Ukimwuliza habari, tan tan. Kumbe hakuwa mjinga! Karibu yote aliyoambiwa aliyafahamu. Mwezi wa Aprili 1861 mguu wake ulioza, wakamleta kwa Broca. Broca akamwuliza amekaa pale miaka mingapi. Tan akafungua mkono mara nne, kisha akaonyesha kidole kimoja. Hesabu ni miaka 21, na ilikuwa kweli.

Tan akafa tarehe 17 Aprili. Broca akafungua kichwa, akakuta sehemu ya mbele ya ubongo, upande wa kushoto, imeharibika. Kesho yake akaonyesha ule ubongo mbele ya chama. Hakutosheka na mtu mmoja. Mwaka uleule akakuta mgonjwa mwingine aliyebaki na maneno machache tu, na kidonda kilikuwa karibu mahali palepale. Akangoja, akakusanya wengine, na mwaka 1865 njo alisema wazi kwamba watu wengi wanasema kwa upande wa kushoto wa ubongo. Mpaka leo mahali pale panaitwa eneo la Broca.

Lakini tusifiche kosa lake. Broca alipima pia mafuvu na kupima bongo ku mizani, akaandika kwamba Wazungu wanapita Waafrika kwa akili, na wanaume wanapita wanawake. Ilipoonekana bongo za Wajerumani zinapita za Wafaransa kwa uzito, alikumbuka mara moja kwamba ubongo unafuata ukubwa wa mwili. Kwa wanawake alijua jambo lile lile, lakini hakuliacha libadilishe mawazo yake. Moyo wake ulikwisha kukata maneno kabla ya kupima.

Mwaka 1880 alichaguliwa kuwa seneta, na mwezi wa Julai mwaka uleule akafa. Alikuwa na miaka 56.

Kazi yake haikufa naye. Hakuukata ubongo wa Tan vipande, aliuweka mzima. Mwaka 2007 wenye elimu walitangaza kwamba wameupiga picha kwa mashini, na kidonda kilikuwa kirefu ndani kupita alivyoona. Kumbe maneno hayakai katika chumba kimoja. Yanapita katika njia nyingi zinazounganisha sehemu za ubongo.

Na nani anajenga zile njia? Mwaka 2001 wachunguzi wa Uingereza walitoa jibu moja. Kulikuwa jamaa moja ambamo nusu ya watu, kwa vizazi vitatu, walishindwa kupanga mwendo wa kinywa na ulimi. Wote walikuwa na kosa lilelile katika jeni moja, FOXP2. Jeni hii ni kama kapita wa kazi. Inaamuru jeni zingine, ginsi ubongo wa mtoto unajengwa tangu tumboni. Picha za mwaka 2003 zilionyesha kwamba kwa watu wale eneo la Broca linafanya kazi kidogo. Hata ndege wadogo iko nayo. Mwaka 2007, ilipopunguzwa katika ubongo wa ndege wachanga, hawakuweza kuiga vizuri wimbo wa mkubwa wao.

Na jeni hii ya kutusaidia kusema iko kwa watu wa kila taifa, kwa Mzungu sawa na kwa Mwafrika. Mafuvu ya Broca hayakumwambia vile.

Ndugu zangu, Musa naye alikuwa mzito wa ulimi. Mwenzetu akikwama kwa maneno mbele ya darasa, tusimcheke. Tumkumbuke Tan na vile vidole vyake: maneno yalikwisha, hesabu ilibaki sawa.